Kabla ya kulipa ada ya Kanada, ulizeni kibali cha mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Naandika kutoka Winnipeg, jimbo la Manitoba, Kanada. Nilikuja huku kusoma Septemba 2022 na sasa nashika vitabu vya hesabu katika kampuni ndogo ya usafirishaji.

Wiki mbili zilizopita mama mdogo alinitumia kwa simu picha ya tangazo lililotoka katika gazeti lako. Robo ukurasa, bendera yenye jani jekundu, binti kavaa joho anacheka, na ahadi kwamba ukimaliza kozi unapata kazi na unabaki. Chini yake mama mdogo kaandika: "Mwanangu, wewe uko huko. Hiki chuo ni kizuri? Wanasema kibali cha kazi ni lazima ukimaliza." Anataka kumleta binti yake wa mwisho. Kiwanja kimeshapata mnunuzi.

Nilimjibu, "Shikamoo mama, nipe siku moja niangalie." Ikawa siku tatu, maana kila nikianza kuandika jibu linakuwa refu kuliko simu inavyovumilia. Nikaona bora nilipeleke jibu lenyewe lilikotoka tangazo, kwa sababu najua mama mdogo hayuko peke yake.

Kibali kinachozungumzwa hapo kipo, si uongo. Wanafunzi wote huku wanakijua kwa herufi zake, PGWP. Ni kibali cha kazi anachopewa mgeni aliyehitimu, na uzuri wake ni kwamba hakikufungi kwa mwajiri mmoja. Leo uko ghalani, kesho benki, hakuna wa kukuuliza. Kozi ya miezi 8 hadi chini ya miaka 2 humpa mtu muda sawa na urefu wa kozi yake. Ya miaka 2 au zaidi humpa hadi miaka 3. Tangu Februari 15, 2024 mwenye shahada ya uzamili naye anaweza kupata miaka 3 hata kama kozi yake haikufika miaka 2. Hutolewa mara moja tu maishani. Jirani yangu wa chumba alikitumia baada ya cheti cha mwaka mmoja, akarudi darasani akachukua stashahada ya miaka 2, akaomba tena. Jibu lilikuwa aya moja: hapana.

Lakini hilo neno "lazima" ndilo lililonikosesha usingizi. Kibali hiki huombwa mwisho wa masomo, ila kwa sehemu kubwa kinapatikana au kinakosekana siku ile mzazi anapochagua chuo na kulipa amana. Na hata aliyechagua vizuri anaweza kukipoteza mwishoni kwa kutojua kuhesabu siku. Hilo la pili ni langu mimi, kwa hiyo nianze nalo kabla sijanyooshea mtu kidole.

Mwaka 2024 nilimaliza stashahada ya utawala wa biashara katika chuo cha umma. Ijumaa, Aprili 26, nikiwa kituoni Portage Avenue nasubiri basi, simu ikalia: barua pepe ya ofisi ya msajili. Matokeo ya mwisho yametoka, umekamilisha masharti yote ya kozi, hongera. Nikaisoma mara mbili, nikampigia mama, nikapanda basi. Sikujua kwamba pale kituoni saa ilikuwa imeanza kugonga.

Jumatatu nilipofika ghalani kwa shifti yangu, dada wa ofisi ya wafanyakazi akaniita pembeni. "Umemaliza masomo?" Nikamwambia kwa furaha zote kwamba ndiyo. "Basi siwezi kukupangia kazi mpaka umeomba kibali kipya." Nilimwona mkorofi. Leo namwombea heri, kwa sababu sheria ilikuwa upande wake: ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo ni ya mwanafunzi, na mimi sikuwa mwanafunzi tena. Wapo waliopuuza hilo wakaendelea na shifti wiki mbili tatu, kisha wakaja kuulizwa kwenye maombi yao.

Hapo mtu mwenye akili timamu angeomba kibali siku hiyohiyo. Mimi nilikaa kusubiri cheti. Nilikulia mahali ambapo ukisema umehitimu unaulizwa cheti kiko wapi, na hakuna mhuri, hakuna mtu. Nikaamini serikali ya Kanada nayo itataka kuona kile kikaratasi chenye muhuri wa dhahabu. Barua ya chuo ya kuthibitisha kwamba nimekamilisha masomo niliipata Ijumaa iliyofuata, Mei 3, nikaiweka kwenye droo kama kitu cha kumbukumbu. Pamoja na nakala ya matokeo, hiyo ndiyo iliyokuwa karatasi inayotakiwa. Nilikuwa nayo chini ya soksi.

Mahafali yalikuwa Juni 13. Nilikodi joho, nikapita jukwaani, nikashikwa mkono, nikapewa jalada la ngozi jeusi zito. Nilipolifungua kitini, ndani mlikuwa na karatasi nyeupe inayosema cheti kitakuja kwa posta. Picha zote za siku hiyo nimelishika jalada tupu kifuani.

Kibali changu cha kusoma kilikuwa kimechapwa kwamba kinaisha Agosti 31, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilikula akiba. Kodi ya chumba changu cha besimenti ilikuwa dola 550 kwa mwezi. Nikaanza kununua wali wa gunia na kutembea kwa miguu ili kuokoa nauli, nikijiambia ni mambo ya mpito.

Alhamisi, Julai 18, nilialikwa chakula kwa dada mmoja nesi aliyetutangulia huku miaka mingi. Cheti kilikuwa kimefika siku mbili kabla, nikaja nacho nikijivuna kama mtoto. Akakitazama, akakirudisha.

"Kibali cha kazi umeshaomba?"

"Naomba wiki ijayo, dada. Nilikuwa nasubiri hiki."

"Barua pepe ya kwamba umemaliza uliipata lini?"

"Mwezi wa nne mwishoni. Lakini mahafali yalikuwa mwezi wa sita."

"Nani kakuuliza mahafali?"

Akaichukua kalenda iliyokuwa imening'inia kwenye friji, akaiweka mezani kati ya sahani, akaanza kuhesabu kwa kifuniko cha kalamu, siku moja moja, midomo inacheza. Sikuthubutu kutafuna. Alipofika tarehe ya siku ile akaacha kifuniko palepale juu ya namba. "Themanini na tatu."

Ndipo akanieleza, na mimi nawaeleza wasomaji wako kama alivyonieleza. Zipo hesabu mbili, na zote zinaanza siku ambayo chuo kimekujulisha kwa maandishi kwa mara ya kwanza kwamba umemaliza, iwe kwa barua, kwa nakala ya matokeo au kwa barua pepe, chochote kilichotangulia. Hesabu ya kwanza ni siku 180 za kuomba kibali cha kazi. Hiyo kila mtu anaijua, na ndiyo inayowalaza watu usingizi, kwa sababu miezi sita inaonekana mingi. Hesabu ya pili ni siku 90: kibali cha kusoma kinakufa siku 90 baada ya kumaliza masomo, hata kama tarehe iliyochapwa juu yake iko mbele. Ile Agosti 31 yangu ilikuwa pambo. Kibali changu kilikuwa kinakufa Julai 25, wiki moja tu kutoka pale mezani. Baada ya hapo ningeweza bado kuomba mpaka Oktoba 23, lakini kama mtu aliyepoteza hadhi yake ya kisheria nchini: ama nilipe nirejeshewe hadhi, ama nitoke nje ya Kanada niombee huko, na muda wote huo kazi hakuna.

Sikumaliza chakula. Akanifungulia kompyuta yake na tukaanza usiku uleule. Fomu ya kuombea ukiwa ndani ya nchi inaitwa IMM 5710, na ukiibonyeza inafunguka ukurasa mweupe wenye maneno ya kukutaka usubiri. Tukasubiri robo saa nzima kama wajinga. Kumbe fomu haifunguki ndani ya kivinjari; unaipakua kwanza, kisha unaifungua kwa programu yake ya kusomea. Ukimaliza kujaza unabonyeza kitufe cha kuihakiki, nayo inakurudisha nyuma kila ulipoacha kisanduku kitupu. Mimi ilinirudisha mara nne. Halafu pasipoti, barua ya chuo, nakala ya matokeo, ada: dola 155 za kibali na dola 100 nyingine kwa kuwa ni cha wazi, yaani hakikufungi kwa mwajiri mmoja, jumla dola 255 za Kanada. Cheti, kile nilichokisubiri, hakikuombwa popote. Tulituma saa sita na dakika ishirini usiku, tarehe ikiwa imeshakuwa Julai 19.

Jumatatu, Julai 22, nilirudi ghalani na uthibitisho wa maombi mkononi, na dada yule wa ofisi akanipangia saa 40. Ukiomba kabla kibali cha kusoma hakijafa, na hukuwahi kuzidisha saa ulizoruhusiwa ukiwa mwanafunzi, unaruhusiwa kufanya kazi muda wote huku unasubiri jibu. Mimi ni mtu wa hesabu, kwa hiyo nilikaa nikapiga: kutoka Mei 3, siku barua ilipoingia kwenye droo, hadi Julai 19 ni wiki 11 kamili. Saa 40 kwa wiki, dola 16 kwa saa. Dola 7,040 kabla ya kodi. Hiyo ndiyo bei ya jalada tupu.

Kosa langu la pili sikulijua mpaka jibu lilipokuja Oktoba 9. Kozi yangu ilinistahilisha miaka 3. Nilipofungua kibali, tarehe ya mwisho ilikuwa Novemba 14, 2025. Mwaka mmoja na mwezi. Nikadhani wamekosea. Nikaenda kuitoa pasipoti kabatini nikaona tarehe ileile, Novemba 14, 2025. Hawatoi kibali kinachoivuka pasipoti. Muda uliobaki unaweza kuuomba ukishapata pasipoti mpya, lakini ni maombi mengine na kusubiri kwingine. Ubalozi wetu uko Ottawa, mbali na Winnipeg kwa saa mbili na zaidi za ndege. Na si kibali peke yake: namba ya kazi tunayopewa sisi wageni, ile inayoanzia na 9, nayo ina tarehe ya mwisho inayofuata kibali, na mwajiri anaiona. Nilipoomba kazi hii ya hesabu, swali la kwanza halikuwa stashahada. Lilikuwa, "Tarehe hii ya Novemba ikifika utakuwa na nini?" Mzazi anayeandaa safari ya mtoto aangalie pasipoti. Kama inaisha kabla au karibu na mwisho wa masomo, ibadilishwe mapema, kabla kibali hakijaombwa.

Basi hayo yangu ni ya uzembe, na yamerekebishika. Yasiyorekebishika ni haya.

Kijana mmoja niliyefahamiana naye kwa sababu tulifika mwaka mmoja alipelekwa na wakala katika chuo binafsi jimbo la Ontario. Chuo kilikuwa juu ya duka la magodoro, ngazi za pembeni. Kilikuwa kimeidhinishwa na serikali kupokea wanafunzi wa kigeni, na wakala alimwonyesha baba yake uthibitisho wa hilo, mzee akaridhika. Ambacho hakikusemwa ni kwamba kuidhinishwa kupokea wanafunzi ni jambo moja, na kozi zake kumstahilisha mhitimu kupata kibali cha kazi ni jambo jingine. Vyuo vingi binafsi vina la kwanza bila la pili. Kijana kasoma, kafaulu, kavaa joho kama mimi, na hakuwa na kitu cha kuomba. Hakukosea hesabu ya siku hata moja. Sijui nilimwambia nini siku ile aliponipigia. Nakumbuka tu alikuwa ananiuliza kama kuna namna ya kukata rufaa, na hapakuwa na uamuzi wa kuukatia rufaa.

Kinachouma ni kwamba jambo hili halijafichwa. Orodha ya vyuo iko wazi kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji ya Kanada, imepangwa jimbo kwa jimbo, na mbele ya kila jina kuna safu inayosema kama chuo kina kozi zinazostahilisha kibali hicho: ndiyo au hapana. Ni kazi ya dakika tano kwa mtu mwenye simu. Pia kuna ile mitindo ya chuo binafsi kufundisha mtaala wa chuo cha umma na kutoa cheti chenye jina la chuo cha umma. Waliojiunga huko kuanzia Mei 15, 2024 hawapati kibali. Jina la chuo kwenye tangazo laweza kuwa kubwa na la kweli kabisa, na darasa likawa mahali pengine. Hapo mzazi anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Halafu kuna sheria zilizobadilika ambazo matangazo bado hayajazisikia, au yanajifanya hayajazisikia. Januari 2024 waziri wa uhamiaji wa wakati huo, Marc Miller, alitangaza ukomo wa idadi ya vibali vya kusoma, na tangu hapo mlango umekuwa ukipunguzwa kipande kwa kipande. Tangu Novemba 1, 2024 anayeomba kibali cha kazi baada ya masomo lazima aambatanishe matokeo ya mtihani wa lugha, Kiingereza au Kifaransa, yasiyozidi miaka 2. Aliyehitimu chuo kikuu anatakiwa kufika daraja la 7 la vipimo vya Kanada katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila kimoja peke yake. Wa kozi za vyuo vya kati daraja la 5. Mimi niliomba miezi mitatu kabla, nikapona.

Binti wa binamu yangu hakupona. Alimaliza shahada hapahapa Manitoba Aprili 2025. Alijua mtihani unatakiwa, akaenda kufanya IELTS, akapata alama nzuri, akaja kunionyesha. Ilikuwa ya kitaaluma, ileile aliyoingilia chuo. Haikubaliki, inayotakiwa ni ya jumla. Zaidi ya dola 300 zimekwenda. Akarudia ile ya jumla: kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuzungumza 7, kuandika 5.5. Panatakiwa 6, ambayo kwa vipimo vya Kanada ndiyo daraja la 7. Alikaa jikoni kwangu akacheka na kulia kwa pamoja. "Mjomba, nimeandika insha za chuo miaka minne. Leo nimefelishwa na barua ya kumlalamikia mwenye nyumba." Ndivyo ulivyo mtihani ule wa jumla, unaanza na barua ya aina hiyo. Huku yeye akirudia, siku 90 zinakimbia. Mara ya tatu alifanya CELPIP, ambao ni mtihani wa Kanada wa kwenye kompyuta, akavuka, na maombi yake yakaingia zikiwa zimebaki siku tisa. Mtihani huo angeufanya Januari, akiwa bado darasani, asingezeeka vile.

Na lipo kubwa zaidi kwa wazazi wanaolenga vyuo vya kati, ambako ada ni nafuu na ndiko mawakala wengi wanakoelekeza. Mwanafunzi aliyeomba kibali cha kusoma kuanzia Novemba 1, 2024, akichukua kozi isiyo ya shahada, hapati kibali cha kazi mpaka fani yake iwe kwenye orodha ya serikali. Orodha hiyo inahusu fani zenye upungufu wa watu: afya, kilimo, sayansi na uhandisi, ufundi, usafirishaji na nyingine za jamaa hiyo, na hufanyiwa marekebisho. Kila fani ina namba yake, na chuo kinaijua namba hiyo. Stashahada yangu ya utawala wa biashara, iliyonipa kibali mwaka 2024, leo kwa mwanafunzi mpya haipo kwenye orodha. Chuo kilekile, walimu walewale, ada imepanda, na mwisho wake ni kumsindikiza mtoto uwanja wa ndege.

Sasa angalia tangazo lile alilonitumia mama mdogo. Kozi iliyoandikwa kwa herufi nyekundu ni utawala wa biashara.

Sisemi mawakala wote ni matapeli. Wa kwangu alinipeleka chuo cha umma na namshukuru, ingawa neno pasipoti sikumbuki kulisikia kwake. Lakini wazazi wajue kwamba mara nyingi wakala hulipwa kamisheni na chuo kwa kila kichwa anachopeleka, na malipo hayo hayangoji mtoto ahitimu. Wajue pia kwamba kwa sheria ya Kanada, anayetoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo lazima awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni, na majina ya washauri wenye leseni yako kwenye rejesta inayoonekana na kila mtu mtandaoni. Anayekwambia "kibali nitakushughulikia mimi" mwombe namba ya leseni. Wengi watabadilisha mazungumzo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako halitaki tangazo la dawa lisilo na namba ya usajili. Basi tangazo la chuo cha nje linaloahidi kazi baada ya masomo nalo litakiwe kuandika, hata kwa herufi ndogo kule chini, kama chuo hicho na kozi hiyo vinamstahilisha mhitimu kibali cha kazi kwa sheria za sasa, na tarehe wakala alipohakiki. Mistari miwili tu. Kama wakala hawezi kuiandika, msomaji amepata jibu.

Mimi maombi yangu ya kuongezewa muda niliyatuma nikiwa na pasipoti mpya, kabla tarehe haijafika, na safari hii sikungoja karatasi yoyote yenye muhuri wa dhahabu. Nasubiri.

Mama mdogo nimemwambia asiuze kiwanja na asitume hata senti ya amana, amwandikie wakala maswali matatu: chuo kipo safu ya ndiyo au hapana, namba ya fani ni ipi, na je, fani hiyo iko kwenye orodha. Ayatake majibu kwa maandishi, si kwa simu. Ameyatuma Jumanne iliyopita. Hadi naandika barua hii majibu hayajaja. Kilichokuja ni picha nyingine kutoka kwake, tangazo lilelile katika gazeti lako, safari hii nusu ukurasa.

Msomaji wako,
Winnipeg, Manitoba